Hesabu ya Kijito

Kijito hiki cha Shinyalu hakina jina kwenye ramani.
Shitsukane, mwenye shamba la ng'ambo, hukiita "kale kamaji",
kama mtu anayemtaja shemeji asiyemheshimu.
Juu, kinapotoka msituni, maji ni baridi na maskini:
unaona kila changarawe, unaona kidole chako cha mguu
na kovu lake la jembe.
Chini, kikishapita miwa,
kinabeba chumvichumvi za mbolea
ambazo mvua ya Aprili ilizifagia
kabla mizizi haijaamka.

Nilitandika vigae juu na chini,
masalio ya bafu la padri lilipokarabatiwa,
nikasubiri viote ukoga.
Kisha nikawaleta konokono, arobaini na wanane,
kila mmoja na namba yake mgongoni
kwa rangi ya kucha ya dada yangu Imali,
ambaye hajaambiwa.
Wekundu juu. Wazambarau chini.

Kazi yangu ni kuinama.
Kumtazama mnyama asiye na haraka
akiburuta mdomo juu ya kigae,
ulimi wake tupa, meno yake madogo kuliko vumbi,
kr, kr, kr. Sauti siisikii, naitunga mwenyewe
ili usingizi usinishinde.
Asubuhi nahesabu mavi yao kwa hadubini.
Mama huuliza chuo kilinifunza nini.
Namwambia: kuhesabu.

Na hesabu ilinichanganya.
Wekundu ndio wanaokula zaidi.
Wanakwangua usiku, wanakwangua mchana,
wanaacha kigae cheupe kama sahani ya mgeni mwenye njaa,
na hawakui.
Wiki tatu, nusu milimita.
Gamba jembamba: nikiliinua kwenye taa
naona kivuli cha kitu kinachodunda.
Wazambarau wanaonja, wanapumzika, wanaonja,
na ukingo mpya unajiandika mdomoni mwa gamba,
mpana, wa hudhurungi.

Ukoga wa juu umejaa, lakini umejaa jua tupu.
Fosforasi ni ya kudokoa.
Konokono anatafuna mlima
ili apate punje.

Hapo nikamkumbuka Lihanda, kaka yetu wa kati:
sahani tatu za ugali na chumvi,
tumbo mbele kama ngoma, miguu kama fito,
na shangazi akicheka, huyu ana minyoo au ana shimo?
Muuguzi wa zahanati hakucheka.
Alimzungushia mkono utepe wa rangi tatu
ukasimama kwenye nyekundu.
Alisema neno moja, maharagwe,
na mama akatazama sakafu,
kwa kuwa maharagwe tulikuwa nayo,
gunia zima, ya kuuza.

Ningeishia hapo ningekuwa na ripoti safi:
sifu maji mazito, funga daftari, nenda nyumbani.
Lakini Mei mvua ilinyesha siku nne mfululizo
na Shitsukane alikuwa amemwaga gunia la pili.
Nilikuta ukoga umekuwa blanketi,
manyoya ya kijani marefu kuliko mkono wangu,
hayatafuniki, hayashikiki,
na konokono wakitangatanga juu yake
kama watoto waliopotea kwenye miwa.
Usiku maji yaliishiwa pumzi.
Alfajiri wazambarau kumi na mmoja
walikuwa wamepanda jani la nduma, nje kabisa,
wanono, wazito, magamba yaking'aa,
wakining'inia ukingoni mwa hewa.
Wengine sikuwaona.

Niliwapima palepale.
Niliandika milimita, na pembeni, kwa penseli,
"hai", mara kumi na moja,
ingawa hakuna aliyeniuliza.

Halafu nikapanda juu, viatu mkononi.
Maji yalikuwa yaleyale, ya kuonekana hadi chini.
Mwekundu namba saba alikuwa bado kazini,
kr, kr, kr,
juu ya kigae kilichokuwa cheupe
tangu Jumanne.